Mashine ya Tatu Kutoka Mlangoni

Mgeni rasmi,
Msimamizi wa ukumbi, walimu, wazazi na majirani zetu,

KARIBU

Sisi wanakundi wa hip hop tunaoitwa Chini ya Ngazi tunakukaribisha kwa mioyo yetu yote. Tuliombwa tuandae burudani na risala fupi ya shukrani kabla hujafungua chumba kipya cha kompyuta. Burudani imetushinda, na sababu utaisikia. Risala ni hii. Utuwie radhi, haikutoka fupi.

TULIKOTOKA

Ngazi uliyopanda kuja hapa, mgeni rasmi, chini yake kuna stoo ya mafagio. Humo ndimo tulimoanzia miaka sita iliyopita, watu wanne na maiki moja iliyovalishwa soksi. Mlinzi wa zamani alitupatia ufunguo, pamoja na kompyuta ya ofisi iliyokuwa imetupwa. "Chukueni," alisema, "ikiwashinda fugieni kuku." Tuliegemeza magodoro ukutani tukaita studio. Mtu akipanda ngazi, tulinyamaza mpaka viatu vyake vipite.

Mkubwa wetu ni Soli. Jina hilo kapewa na kazi yake, maana ni fundi viatu, na kibanda alichonacho ni cha marehemu baba yake. Soli haandiki mistari. Huitunga akishona, anaibeba kichwani, akifika anasimama mbele ya maiki na mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, anaitoa mara moja tu. Kurudia hataki. Mpiga biti wetu ni fundi redio tunayemwita Waya, na siku moja alijaribu kumbembeleza.

"Dada, hapo katikati umekohoa."

"Kikohozi ni changu, kiache."

"Watu watasema hatujui kazi."

"Watu gani? Hawa wanaoniletea kiatu kimoja na kingine wamesahau nyumbani?"

Tulicheka sana siku ile. Tulidhani ni mafua.

TULICHOFANIKISHA

Tumekamilisha albamu ya nyimbo kumi na mbili. Inaitwa Watu wa Hapa Chini. Hakuna aliyeisikia zaidi yetu wanne, na hapo inabidi tukiri kosa letu.

Mwaka wa pili, mmoja wetu alimpa rafiki wimbo kwenye flashi. Wiki haikuisha, ukawa unapigwa kila kibanda kwa jina la kundi lingine. Tuliumia, tukaapa kwamba hakuna sauti itakayotoka stoo mpaka wimbo wa kumi na mbili ukamilike. Ili tusijaribiwe, Soli alileta gundi yake ya viatu, akaziba matundu yote ya flashi. "Sasa hata mimi siwezi kuiba," alisema, tukampigia makofi. Kwa hiyo albamu ilikaa kwenye mashine moja, na nakala hatukuwa nayo hata moja.

Kisha madaktari wakaona kilichokuwa kooni mwa Soli. Walimpangia siku ya upasuaji, wakamwambia wazi kwamba sauti haitarudi. Zilibaki siku tisa na nyimbo nne. Alifunga kibanda, akawa anakuja kila asubuhi na chupa ya maji ya moto. Wimbo wa mwisho alimwimbia mama yake, ambaye siku zote humtania, "Wewe unaimba au unagombana na watu?" Alipoumaliza aliweka maiki chini taratibu, akamwambia Waya, "Mimi nimemaliza kusema. Mama utampa wewe."

Hayo ndiyo mafanikio yetu.

YALIYOTUPATA

Siku ya upasuaji sote tulikuwa hospitali tunatoa damu. Siku hiyohiyo lilitekelezwa agizo la kukusanya kila kompyuta iliyomo kwenye jengo hili, zifutwe, zitengenezwe, ziwekwe kwenye chumba cha watoto kujifunzia. Stoo ilifunguliwa. Hatumlaumu mtu. Mashine ilikuwa ya ofisi, na ruhusa yetu ilikuwa ya mdomo tu. Tuliporudi tulikuta magodoro yamekunjwa vizuri na mafagio yamerudishwa mahali pake.

Jumatatu tulikuja kupanga viti kwa ajili ya sherehe hii. Waya akaiona. Ni ya tatu kutoka mlangoni. Imepanguswa mpaka inang'aa, lakini gundi ya Soli ilikataa kubanduka. Waya alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule.

Fundi wa ofisi alituhurumia. "Ndugu zangu, niliambiwa nifute, nikafuta," alisema. "Ila kilichofutwa hakiondoki papo hapo. Kinakaa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kila mashine ikitumika, kipande kinaliwa."

"Kimebaki kiasi gani?"

"Sijui. Nimeshaiwasha mara nne kuijaribu. Msijipe matumaini makubwa."

Tulipeleka habari nyumbani kwa Soli. Siku hizi anaandika kwenye daftari. Aliandika: "Wacheni iwashwe. Watoto wanangoja." Akalifunga daftari, akageukia ukutani. Mama yake alitufuata mpaka nje. "Mwanangu alisema nini humo?" alituuliza. Waya alijaribu kumghania ule wimbo kwa kichwa. Alifika mstari wa pili, mama akamshika mkono. "Basi, baba. Hiyo ni sauti yako."

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, kwenye ratiba imeandikwa kwamba utafungua chumba kwa kuwasha mashine ya tatu, kwa kuwa ndiyo anayoiona vizuri mpiga picha. Tunakuomba usiiwashe. Ziko nyingine tano, zote nzima, na picha itapendeza vilevile.

Tunaomba pia fundi aruhusiwe kuichomoa diski ampelekee mtaalamu anayemfahamu, mwenye vifaa vya kuchimba vilivyofutwa. Huenda asikute kitu. Huenda akakuta dakika moja, au kikohozi kile. Tutapokea chochote. Asipokuta kitu, tutairudisha mashine kwa mikono yetu na watoto waitumie. Hatuombi stoo, wala hatuombi kuzinduliwa albamu.

Soli amekaa mstari wa pili, mwenye kitambaa shingoni, mama yake kulia kwake. Tulimwahidi kwamba ombi hili tumeliondoa kwenye risala. Tumemdanganya mkubwa wetu, na sasa hivi amejua. Tunaona amesimama. Anatikisa kichwa, anatuonyesha watoto waliopanga foleni mlangoni. Dada, tusamehe, kwa hili hatutakutii.

Mgeni rasmi, watu wamechoka na utepe unakungoja. Mungu akujalie afya, akulindie sauti za wote walio nyumbani kwako, na kwa dakika hizi chache zijazo auzuie mkono wako.

Ni sisi,
Kundi la Chini ya Ngazi,
watu wanne, watatu wenye sauti.