Gunvor Hallgren na Jiwe la Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa wa Visby, karibuni. Leo tunamkumbuka Gunvor Hallgren, mama aliyeliokoa kanisa la Mtakatifu Botvid. Ndiyo, lile lisilo na paa, nyuma ya duka la mikate.

Wafanyabiashara wa Kijerumani walilijenga enzi mji huu ukinuka fedha. Mwaka 1525 watu wa Lübeck, mji wa Ujerumani, wakaja na moto, paa likaanguka. Lakini kuta, wasikilizaji, tulizibomoa sisi wenyewe. Jiwe la bure nani alikatae? Moja likawa kizingiti, jingine banda la nguruwe.

Baridi moja kali, ukuta wa kaskazini ukapasuka. Halmashauri ikasema: usipotengenezwa kabla ya kiangazi, unabomolewa. Mafundi wakataka mawe yaleyale ya kale. Yatoke wapi? Gunvor akachukua nyundo, akang'oa kizingiti cha mlango wake.

Mumewe, Sixten, anasimulia: "Nilitoka kuchukua gazeti, nikatua matopeni. Nikamwuliza, 'Sasa mama, tutaingiaje ndani?' Akanijibu, 'Utaruka. Si daktari alikwambia ufanye mazoezi?'"

Majirani walicheka weee! Kisha wakaanza kuleta mawe, mmoja mmoja, kwa toroli, hata kwa vigari vya watoto. Ukuta ukasimama. Likabaki pengo moja chini ya dirisha, limetegemezwa kwa gogo la mwaloni. Jiwe lake lilikuwa mlangoni kwa Ragnhild Ekman.

Gunvor akamwendea. "Shoga, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Kwangu hung'oi kitu!" Ragnhild akafoka. "Babu yangu aliiba, sawa. Lakini aliiba vizuri. Ingia tunywe kahawa."

Gunvor aliingia. Ila jiwe hakulikanyaga. Aliliruka. Kila Jumamosi alikwenda kunywa kahawa, na kila Jumamosi aliliruka, hata alipoanza kutembelea fimbo.

Gunvor Hallgren alifariki wiki iliyopita. Jana tulimuaga palepale kanisani, chini ya mvua. Kabla ya wimbo wa kwanza tukasikia toroli likilia njiani. Alikuwa Ragnhild, kalowa chapachapa, na jiwe lake.

"Nimefungua mlango asubuhi nije huku," alisema, "nikajikuta naliruka."

Nililia, wasikilizaji, na sioni haya kusema. Leo mafundi wameliondoa lile gogo.

Mzee Sixten, pole sana, wewe na wanao. Mji mzima uko nanyi. Nasi wengine, jioni tukifika nyumbani, tutazame chini kabla ya kuingia.