Ijumaa ya Kinubi

Jana asubuhi, kwenye foleni ya matatu pale kituo cha Kawangware 56, mbele yangu walisimama wanawake wawili wasiojuana. Mmoja alisema anaitwa Seline, mwalimu wa gredi ya tatu huko Kibera. Mwingine, Nafuna, ana saluni Gatina.

"Kuna msichana Mnubi darasani kwangu, wenzake walikuwa wanamcheka akiongea," Seline alisema. "Akanyamaza kabisa. Nikamwambia, leo wewe ndio mwalimu, tufundishe kusalimiana Kinubi. Woi, alininyang'anya chaki! Akamsimamisha yule mchekaji mkubwa, akamrudishisha salamu mpaka akatoa jasho. Siku hizi kila Ijumaa ni lugha ya mtoto mwingine."

Nafuna alicheka hadi akashika bega langu, kana kwamba tumelelewa pamoja. Kisha akakaza uso. "Lakini tichaa, Kinubi iko kwa mtihani? Mimi nataka wangu ajue Kiingereza apate kazi. Kibukusu ataipata nyumbani."

"Na ameipata?"

"Matusi tu," Nafuna akakiri. "Na ni mimi nilimfunza."

Foleni yote iliangua kicheko. Seline alijifuta machozi. "Mtoto akichekwa, hata hicho Kiingereza hakiingii."

"Na akifeli, utamwandika kazi wewe?"

Matatu ikaja. Walipanda wakibishana, wakaketi pamoja, mikono hewani. Gari likaondoka, nami bado nimesimama pale pale, nikingoja jibu la mwalimu. Nilikuwa nimesahau kupanda.