Odeta Ng'washi, 1955–1997: Hakuzama

Shikamooni wazee wetu. Baba Paroko, ndugu, majirani wa Kayenze na wageni mliotoka mjini, poleni na msiba. Mimi ni Luhaga Ng'washi, mdogo wake marehemu. Kamati ya mazishi imenipa wasifu uliochapwa niusome kama ulivyo. Wenye karatasi mkononi mtaona imeandikwa kwamba marehemu "alizama bwawani." Hapo sitasoma. Dada yangu hakuzama, na nitaeleza kabla hatujamshusha.

Marehemu Odeta alizaliwa hapa hapa Kayenze tarehe 14 Agosti 1955, mtoto wa tatu wa Mzee Ng'washi na mama yetu Hellen. Alijua kuogelea kabla ya kujua kusuka nywele. Siku moja, angali mdogo, alikuwa anaosha vyombo ziwani, mawimbi yakachukua sufuria ya mama. Aliifuata mbali mpaka mama akaanza kupiga yowe, kisha akarudi ameivaa kichwani kama kofia. Mama alimchapa kwanza, akamkumbatia baadaye, na sufuria ile ikaitwa Odeta mpaka ilipotoboka. Mtu wa namna hiyo ndiye mnayeambiwa alizama!

Alianza darasa la kwanza hapa kijijini mwaka 1963 na kumaliza la saba mwaka 1969. Alipenda hesabu, alichukia kushona, na mwalimu wa sayansikimu alimkatia tamaa mapema. Mwaka 1974 alikwenda Mwanza mjini, akapata kazi ya usafi kwenye klabu ya shirika moja la umma lenye bwawa la kuogelea. Mwaka 1978 shirika lilimpeleka Dar es Salaam kwenye mafunzo ya uokoaji, akarudi kuwa mlinzi wa bwawa. Watoto wengi wa mjini walijifunza kuogelea mikononi mwake. Alikuwa mkali. Mtoto akikimbia ukingoni, siku hiyo haogelei tena, hata awe wa mkurugenzi.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa takatifu na Bwana Alexander Machibya wa Kisesa. Shemeji alikuwa haogelei, mpaka leo haogelei. Marehemu alikuwa akimtania kwamba amemwoa ili awe na mtu wa kumwokoa. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza Dorcas.

Mwaka 1995 shirika liliuza klabu kwa Bwana Nkwabi, ambaye yuko nasi, amekaa pale mbele. Wenzake Odeta walipunguzwa kazi, yeye akabakishwa kwa sababu hakuna mwingine aliyelijua lile bwawa. Vikaja vitu vipya: baa, muziki, taa za rangi, pampu kutoka nje. Hatukatai, ni enzi za soko huria, kila mtu na jitihada yake.

Aya inayofuata kwa kawaida ni ya ugonjwa. Marehemu hakuumwa. Mwezi wa pili mwaka huu watoto walianza kutoka majini wakilalamika kwamba maji yanang'ata. Sisi watu wa ziwani, maji yakituwasha jibu tunalo tayari: kichocho. Na maji ya bwawa lile yanavutwa ziwani. Kila mtu akasema kichocho, Odeta naye akasema kichocho, akazidisha dawa mpaka macho ya watoto yakawa mekundu. Wapi! Maji yakaendelea kung'ata. Ndipo ukaja mgao wa umeme, naye akaona jambo: umeme ukikatika, maji yanatulia. Ukirudi yanang'ata, hasa ukishika ngazi ya chuma.

Alimwendea bosi wake, na jioni akamsimulia mumewe maneno yote. Alexander ananisikia, nikikosea anisahihishe.

"Bosi, hiki si kichocho. Ni umeme. Tuletee fundi."

"Mama Dorcas, pampu mpya ile! Usinifukuzie wateja, Pasaka hii hapa."

"Basi umeme ukiwepo mtu asiingie majini."

"Haya, haya. Pasaka ipite kwanza."

Jumatatu ya Pasaka umeme haukuwepo tangu asubuhi. Odeta alishusha swichi kubwa kwa mkono wake mwenyewe. Akamwambia Bernadeta, yule binti anayeuza vinywaji baa, "Mdogo wangu, mtu asiguse hii, hata umeme ukirudi." Kisha akaruhusu watoto waingie.

Mnajua Mwanza umeme ukirudi tunavyofanya. Alasiri ile kelele zilianzia nyumba za jirani: "Umerudiii!" Wateja wa baa wakapiga makofi, wakataka muziki, wakataka soda za baridi. Odeta aliruka kutoka kwenye kiti chake.

"Tokeni! Watoto, tokeni! Msishike ngazi, pandeni ukutani!"

Watoto wanapanda, yeye anatazama maji, anatazama swichi, anatazama maji. Bernadeta alikuwa amesimama mbele ya swichi, mikono ameipanua. Bwana Nkwabi akamwambia, "Pisha hapo." Akaipandisha mwenyewe.

Wote walikuwa wametoka isipokuwa Sharon, mtoto wa miaka tisa. Hofu ilimpeleka kwenye ngazi ile ile aliyokatazwa. Miguu ilikuwa bado majini, mkono ukaganda kwenye chuma. Hata kulia hakuweza. Odeta alijua kuliko mtu yeyote pale kilichokuwa kwenye ngazi. Aliingia. Alimsukuma mtoto kwa mwili wake wote mpaka akaachia, watu wakamvuta kwa khanga. Aliyebaki ameshika ni dada yangu. Bernadeta alirudi mbio akashusha swichi, akang'oa na fyuzi, lakini Odeta alikuwa ameshainamisha kichwa. Alifariki njiani kuelekea hospitali, tarehe 31 Machi 1997.

Usinikonyeze, mjomba, namalizia. Siku ya Jumanne, Fundi Rwekaza alifungua ile pampu tukiwepo. Waya umechubuka, umegusa bomba, na bomba limeshikana na ngazi. Waya wa kupeleka umeme ardhini haukufungwa kabisa.

Bwana Nkwabi, jeneza hili umenunua wewe, na lori lililoleta waombolezaji ni lako. Familia inashukuru, sisemi kwa kejeli. Lakini mjini umebandika matangazo kwamba bwawa linafunguliwa keshokutwa, Jumamosi, na pampu iko vile vile. Tukiandika "alizama," keshokutwa wazazi watawaleta watoto wao bila wasiwasi, maana kila mzazi atajiambia wa kwangu anajua kuogelea. Odeta alijua kuliko wote.

Marehemu ameacha mume, Alexander. Watoto Dorcas, Ngosha na Bagenda. Mama yake mzazi, Hellen. Na sisi ndugu zake. Ameacha pia mtoto Sharon, yule pale miguuni kwa mama yetu, mkono wake bado umefungwa bandeji.

Kwa desturi yetu, kabla ya udongo tunatangaza: anayemdai marehemu aje aonane na familia. Leo natangaza kinyume chake, marehemu ndiye anayedai. Anadai waya mmoja ubadilishwe na mwingine ufungwe mpaka ardhini, basi. Fyuzi alizong'oa Bernadeta ziko mfukoni mwa shemeji yangu, na siku fundi akimaliza atazirudisha mwenyewe. Najua, Bwana Nkwabi, unaweza kununua nyingine dukani, siku hizi kila kitu kipo. Ukizinunua, Sharon amekuona, na sisi wote tumemsikia Odeta.

Mungu ampe dada yetu pumziko la amani. Swichi ibaki chini.