Joto Lililokaa Kando ya Nyekundu

Tarehe 31 Agosti 2025 Madamu Adventina Nizigama anastaafu, baada ya miaka ishirini na mmoja ya kufundisha fizikia: tisa Gasorwe, mkoani Muyinga, na kumi na miwili hapa Gitega. Alikulia Tanzania, akarudi Burundi mwaka 2004 na mumewe Manase, magodoro mawili, na prisma ya kioo iliyofungwa ndani ya kitenge.

Gasorwe alikuta wanafunzi wanaotaja rangi saba za upinde wa mvua bila kosa. Walikuwa wameunakili ubaoni, umechorwa kwa chaki nyeupe! Tusicheke. Nusu yetu walimu bado tunafundisha hivyo, kisha tunalaumu ukosefu wa maabara. Maabara yake ilikuwa ukuta wa chokaa na jua la saa nne, lililopita kwenye ile prisma na kumwaga rangi ukutani.

Mwaka 2011 mkaguzi, Bwana Egidius, alikuta darasa tupu na wanafunzi wote nyuma ya jengo. Zilibaki wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa. Akatangaza mbele ya watoto kwamba huo ni mchezo, na kwamba ataandika darasa hilo lipewe mwalimu mwingine. Adventina aliomba dakika kumi. Alichukua vipimajoto viwili vilivyopakwa masizi nchani, akaweka kimoja kwenye nyekundu, kingine kando yake, pasipo na rangi yoyote. Wingu likafunika jua. Mkaguzi akatoa kalamu.

Jua liliporudi, kile cha pasipo na rangi kilipanda kuliko kile cha nyekundu: palikuwa na mwanga usioonekana, wenye joto. Mkaguzi akaweka kiganja chake pale, akakikodolea macho, hakuona kitu. “Yampaye!” akamaka kwa Kirundi. “Madamu, rudia.” Akarudia mara tatu. Darasa likabaki lake, na mkaguzi akakosa gari la kurudi mjini.

Mimi nimeketi meza ya jirani naye miaka yote ya Gitega, na bado mwili hunisisimka: redio, simu, eksirei na jua ni ukoo mmoja wa mawimbi, na macho yetu yamegawiwa kipande chembamba kama uzi. Wapo wanaoyasoma hayo kitabuni wakapiga miayo. Mwanafunzi wa Adventina hajawahi.

Asante, Madamu, kwa kuukataa uvivu wetu. Bukirasazi, unakokwenda kupumzika, ikupe mvua kwa wakati, afya, na magoti yasiyouma. Nao wakaguzi wajao, wakikuta madarasa yetu matupu saa nne, wazunguke nyuma.