Pua ya Bi Hafidha Imebaki Zinga

Kabla sijataja miaka ya utumishi wa Bi Hafidha Mwishehe, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Mimi sisikii harufu. Si mafua. Pua yangu haijawahi kufanya kazi, kwa kadiri ninavyokumbuka. Samaki, udi, dizeli, mvua ya kwanza, kwangu vyote ni hewa. Kuna siku maharage yaliungua nikiwa nimekaa mbele ya jiko, na mama akauliza kama akili yangu imevuka kwenda Unguja. Nikakubali kwamba imevuka. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Mtauliza mtu kama huyo anatafuta nini kwenye kitalu cha maua, tena kwa nini yeye ndiye amwandikie mwanamke ambaye pua yake inajulikana kuanzia Bunju hadi Saadani. Sikujichagua. Bwana Amin, mkuu wetu wa kitalu, aliniambia tu, "Dija, wewe kusema husemi, basi andika."

Haya, naandika. Bi Hafidha anastaafu tarehe 31 Machi mwaka huu, baada ya kukitumikia kitalu chetu cha Zinga kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa kufagia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuondoa maua yaliyoanguka kwenye njia, na mwenyewe husema hapo ndipo aliposomea, kwa sababu ua likishaanguka majivuno yamekwisha, unaweza kuliinua ukalitazama kwa nafasi. Baadaye alipewa ndoo ya kumwagilia, kisha kisu cha kupandikizia, na kwa miaka mingi sasa ndiye msimamizi wa upande wote wa maua. Uzio wa asumini unaozunguka zahanati ni wake. Maua ya vikuba walivyovaa maharusi wa hapa Zinga, na wengi wa mjini Bagamoyo, yalichumwa alfajiri kwa mkono wake. Waridi jekundu ambalo joto la pwani lilikuwa likiliua kila mwaka, yeye ndiye aliyelihamishia kwenye kivuli cha mkadi, nalo likakubali kuishi. Alipoulizwa siri yake alisema waridi lilikuwa na upweke tu.

Wote mnaijua sheria yake kwamba mche hautoki getini bila ukoo. Ukipewa kipande cha waridi, lazima useme ni la Bi Ashatu wa Dunda, aliyelipata kwa wifi yake wa Pangani, naye alilitoa kwa mama mkwe. Ukikosea, mche unarudi koponi. Mikdad wa bajaji alikuja siku moja kuchukua asumini mara moja tu, abiria akiwa anamsubiri barabarani. Alikaririshwa ukoo wa asumini mpaka abiria akashuka akaenda kwa miguu. Mikdad alilalamika, "Bi Hafidha, mimi napeleka ua, sipeleki posa!" Akajibiwa, "Mwanangu, hata ua linaolewa. Anza tena, kwa nani alilitoa?" Leo uzio wa Mikdad ni mzuri kuliko nyumba yake, na ukoo wake anautaja hata usipomuuliza.

Lakini lililompa jina ni Kufunua. Kwa wageni watakaosoma programu hii ya kumuaga, Kufunua ni siku yetu ya mwisho wa kaskazi, wakati joto limekausha kila kitu na masika bado hayajaanza. Wapanda maua wa hapa Zinga, mjini na hata Kiwangwa hukutana kitaluni, kila mmoja na sinia lenye ua moja lililofunikwa kwa kawa la ukili. Ua liwe limechanua nyumbani kwako wakati huo mgumu. Mnusaji hufungwa mtandio machoni, kawa huinuliwa kidogo upande mmoja, naye hutakiwa kulitaja ua kwa harufu peke yake. Akishalitaja, linafunuliwa, na mwenye ua anakata vipande kumpa kila anayetaka. Ni kwa njia hiyo maua ya pwani hii yametembea kutoka nyumba hadi nyumba, hata nyumba isiyo na bomba ina kitu kinachochanua mwezi wa Machi.

Mpinzani wake wa siku zote ni Mzee Mwinyijuma, mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, ambaye kila mwaka huja kumshinda na kila mwaka huondoka akikuna kichwa. Mwaka mmoja alileta ua la plastiki alilolipulizia marashi. Watu wanaokumbuka wanasema Bi Hafidha aliinama, akanusa mara moja, kisha akasema, "Ua hili limezaliwa dukani. Lakini marashi ni ya mkeo Hajra, yale ya kuendea harusini. Wahi ukayarudishe, Mwinyijuma, kabla hajafungua kabati." Mzee Mwinyijuma hakuchelewa. Alipanda pikipiki akaacha hata kawa lake.

Mimi niliyasikia hayo kwa mshangao, kama mtu anayesimuliwa kwamba kuna wanaoruka. Nilimaliza kidato cha nne Novemba, nikaja kujitolea Januari huku nikisubiri matokeo. Siku ya kwanza Bi Hafidha alinipa tawi la mhina lililochanua.

"Nusa," akasema.

Nikanusa.

"Umesikia nini?"

"Linanukia vizuri, Bibi."

Alinitazama kwa muda. "Vizuri si harufu, mwanangu. Vizuri ni salamu." Akalichukua tawi, akalinusa yeye, akafumba macho. "Hili ni chumba cha bi harusi siku ya tatu. Ngoma zimekwisha, vumbi limetua, na mtu ameacha dirisha wazi."

Sijui niwaelezeeje kilichonipata. Miaka yote watu waliniambia kitu kinanukia au kinanuka, basi. Hakuna aliyewahi kunifungulia mlango nikaona ndani. Jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa na harufu moja, ya kwanza maishani mwangu.

Tangu siku hiyo, kila tulipokuwa tukifanya kazi wawili, alinusa kwanza akaniambia. Asumini ni nyumba iliyodekiwa asubuhi ya Idi, milango wazi, wageni bado. Langilangi ni shangazi mwenye sauti kubwa, unamsikia kabla hajafika kizingitini. Mkadi ni sanduku la bibi, ukilifungua nguo za zamani zinakupumulia usoni. Waridi ni maulidi yanayosomwa nyumba ya jirani, wewe hukualikwa lakini marashi yamekufikia. Na kilua, kile kiua cha kimanjano ambacho macho yanaweza kukipita bila kukiona, ni mtu aliyekula ndizi mbivu akaja kukunong'oneza siri. Maneno haya hakuyasema mbele ya wengine. Kwa wengine alikuwa akitaja jina tu.

Bi Esha wa mjini, ambaye uani kwake mna bogenvilia za rangi zote, alianzisha kundi la WhatsApp ambako watu hutuma picha na kuuliza, "Jamani, hili ni ua gani? Limechanua kwangu leo." Bi Hafidha hana simu ya picha, kwa hiyo mimi nilimwonyesha. Macho yake yana ukungu siku hizi, miwani haitaki, basi namwambia rangi, idadi ya petali, jani lilivyo, na mara nyingi analijua. Lakini kila mara humaliza kwa agizo lile lile: "Mwambie alilete. Picha haina pumzi." Mimi niliandika hivyo hivyo, ingawa kwangu maua yote yalikuwa picha mpaka nilipokutana naye.

Sasa niwaeleze Kufunua kwa Jumamosi iliyopita, kwa sababu mlikuwepo wengi, lakini nadhani hamkuona nilichokiona mimi.

Bwana Amin alikuwa amekwisha kunidokeza kwamba mtu wa kubaki upande wa maua anatafutwa, na kwamba jina langu limetajwa. Niliitaka nafasi hiyo kuliko nilivyotaka matokeo mazuri. Nilijua pia kwamba siri yangu ikijulikana imekwisha. Mtu asiyesikia harufu, nani atamwachia asumini za maharusi? Nikapanga kukaa nyuma, nishike ndoo, siku ipite.

Bi Hafidha akasimama, akavua mtandio wake mwenyewe wa kijani wa kufungia macho, akasema, "Mwaka huu sinusi mimi. Atanusa Dija."

Mlipiga makofi. Nilifungwa mtandio, nikapigishwa magoti mbele ya sinia, nikasikia ukili wa kawa ukikwaruza.

"Haya binti," ilikuwa sauti ya Mzee Mwinyijuma, "tuone kama pua inarithiwa. Nimekuonea huruma, nimeleta la rahisi. Hili hata mtoto wa chekechea analijua."

Nikavuta pumzi. Hewa. Nikavuta tena. Hewa, na joto la mchana, na giza la mtandio. Nilisikia mtu akikohoa. Nilisikia Bi Esha akisema kwa sauti ya chini, "Muacheni, mtoto ana haya." Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema sijui.

"Subirini kwanza," Bi Hafidha akasema. "Kabla hajalitaja, na mimi niliage. Ni Kufunua kwangu kwa mwisho."

"Hafidha!" Mzee Mwinyijuma akang'aka. "Usije ukampigia ramli hapa!"

"Ramli gani? Mtu kuaga nako kuna kodi?"

Watu wakacheka. Nikasikia magoti yake yakishuka kando yangu, polepole, na bega lake likagusa langu. Akavuta pumzi ndefu. Kisha, kama anayejisemea mwenyewe, akasema, "Alhamdulillahi. Ndizi mbivu amekula, na siri anayo."

Mlicheka tena, mkidhani ni maneno ya kizee.

"Kilua," nikasema.

Kawa likafunuliwa. Mlishangilia mpaka kuku wa jirani wakaruka uzio. Mzee Mwinyijuma alisema pua hii ni ugonjwa na sasa imeambukiza. Nilipovua mtandio nilikiona kile kiua kidogo kikiwa peke yake katikati ya sinia kubwa, na kando yake uso wa Bi Hafidha wenye jasho, macho bado ameyafumba. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Basi mimi naondoka na miguu tu. Pua naiacha Zinga." Jumatatu Bwana Amin aliniambia nafasi ni yangu, nami sikutaka kuishika kwa uongo, ndiyo maana mnayasoma haya.

Kwa miaka thelathini na mmoja mwanamke huyu alinusa kwa ajili ya watu wenye pua zao. Mimi nimemfahamu kwa msimu mmoja tu wa kaskazi, naye amenipa kitu ambacho Mwenyezi Mungu hakunipangia, au pengine alinipangia kwa njia hii ya mzunguko.

Jana alinipa mche wa kuniaga. Nilitarajia asumini. Ulikuwa bogenvilia, wa zambarau iliyokolea, kipande kutoka kwa Bi Esha, na ukoo wake nikaukariri bila kukosea. "Huu hauna harufu hata chembe," akasema. "Watu wa pua wanaudharau. Lakini utazame, mwanangu. Aliyeuumba hakuusahau." Kisha akaenda kufunga ndoo zake, wala hakugeuka nyuma. Sijui alikuwa na maana gani. Nimejiuliza usiku kucha.

Bi Hafidha, unahamia Kiwangwa kwa mwanao Shuaibu, nyumba chache tu kutoka kwa Mzee Mwinyijuma, ambaye ameshatangaza kwamba atapanda uzio mrefu. Tunakushukuru kwa kila mche uliotoka getini na jina lake. Tunakutakia maisha mema, yenye kivuli, maji karibu, na jirani wa kumtania kila asubuhi. Kila ua litakalochanua kwako tuletee, na sisi tutakuletea yetu. Picha hatutatuma.

Na ninyi mnaosoma, nina ombi moja. Miwani hana, kwa hiyo karatasi hii atampa mmoja wenu amsomee, na huyo huenda akawa wewe. Tafadhali anzia pale kwenye "Haya, naandika." Siku ya kwanza na lile tawi la mhina, na kila nilipoisema pua yangu, ruka. Ukifika Jumamosi, soma hivi tu: Dija aliinama, akanusa, akasema kilua. Asijue kwamba pua aliyoiacha haisikii kitu. Lakini kama utamwona anatabasamu pale unaporuka, basi alijua tangu lile tawi la mhina, na amekuwa akinitunzia siri hii siku zote. Hapo usimuulize kitu. Endelea kusoma, nawe itunze kama anavyoitunza yeye.