Mama Aliyepima Majani ya Maharage

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi asubuhi hii. Nitasema kwa kifupi, maana nikirefusha nitalia.

Hapa Makole mnanijua kama mwalimu wa hesabu. Kabla sijapunguzwa kazini, nilikuwa mtafiti. Nilichunguza saa iliyomo ndani ya viumbe, ile inayokuamsha hata kama huna saa ya mkononi. Hata mche wa maharage unayo. Mchana majani yananyanyuka, jioni yanalala. Ukiufungia gizani kabatini, yataendelea hivyo siku kadhaa, ila yakichelewa kidogo kidogo. Mimi nilitafuta hesabu ya kueleza kuchelewa huko.

Ikaja barua ya kupunguzwa. Nikarudi kwa mama na madaftari na miche yangu, nikaiweka kwenye kabati la chumbani kwake. Nilipima siku chache tu, halafu, ndugu zangu, nikaanguka. Haikuwa malaria, wala sikufiwa. Nililala tu. Nikafunga pazia, asubuhi na jioni zikawa kitu kimoja. Mama akileta uji namwambia, "Acha tu, mama. Mimi sina kazi tena duniani." Anakaa kitandani, ananishika miguu mpaka uji unapoa.

Nawaambia ukweli, nilitamani nisiamke.

Asubuhi moja nikamsikia chumbani kwake akisema, "Leo umechelewa, wewe." Nikadhani ana mgeni. Nikajikokota hadi mlangoni. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya kabati, ameshika kurunzi iliyofunikwa kitambaa cha kijani, kama alivyoniona nikifanya ili mwanga usiishtue miche. Ubao wa ndani ulijaa alama za mkaa.

"Mama, unafanya nini?"

"Napima majani yako. Kila redio inaposoma habari, naangalia ncha imefika wapi, naweka alama. Miche ikichoka naipeleka nje juani, naingiza mingine."

"Nani alikuambia ufanye hivyo?"

"Hakuna. Niliona wewe huwezi, na majani hayakusubiri."

Mama yangu hakuingia darasani hata siku moja. Nilikaa sakafuni nikalia, kisha nikaomba daftari. Siku ile nilinakili alama chache, nikachoka. Kesho yake nikaendelea. Pazia alikuwa akilifungua yeye, kila asubuhi, bila kuniuliza.

Alama zake ndizo zilizonionyesha kosa langu: siku zote nilikuwa naacha kupima mapema mno. Hesabu ikakubali. Nikampelekea aliyekuwa mwalimu wangu chuoni, naye akauliza, "Vipimo vya siku za mwisho niandike ni vya nani?" Makala ilipochapishwa, jina la mama lilikuwa chini ya langu. Nikamwonyesha kwa kidole.

Akalitazama sana. "Wameliandika vizuri?"

"Vizuri, mama."

Nawashukuru akina mama mliotuchotea maji wakati ule nilipokuwa nimelala, na mwalimu wangu. Na wewe mama, uliyekaa hapo mbele, asante. Ndugu zangu, mtu wako akilemewa, usianze kwa kumhubiria. Mshikie kazi yake kwanza, hadi apate nguvu ya kuipokea.