Kutoka Ngoma Hadi Disiki

Benchi letu la Rosettenville, Johannesburg, ni ubao uliolazwa juu ya kreti za soda. Kahawa huuzwa na Tumu, Mzanzibari ambaye wote humwita Injinia kwa kuwa aliwahi kuuza matairi. Pembeni yake hukaa Shehe, ambaye si shehe. Jina lake ni Suhaib bin Ameir, fundi cherehani wa Tanga. Mimi wananiita Kamusi, maana sipendi kitu kiitwe kwa jina lisilo lake. Jumamosi moja ya mwaka 2017, Ezéchiel, mlinzi wa geti kutoka Uvira, aliegesha mbele yetu bakkie, yaani pikapu, ya bosi wake ikivuta tela lenye boti. Kesho yake alitakiwa kuifikisha boti Bwawa la Vaal na kuishusha majini mbele ya wageni. Mambo yakienda vizuri, angefanywa dereva. Yakiharibika, angerudi getini.

— Papa Kamusi, angalia freni mupya! Fundi ametosha ngoma, ameweka disiki.

— Breki, nikamsahihisha.

Shehe akaweka kikombe chini.

— Umeondoa ngoma ukaweka disko? Na kanisani kwenu wanajua?

— Disiki, Shehe, nikasema. Sahani ya chuma inayobanwa ili gurudumu lisimame.

— Ile ngoma ya magurudumu ilikuwa inakunywa maji ya bwawa, akasema Ezéchiel. Ilioza zamani, haikushika kitu. Kwenye robot, taa nyekundu ikiwaka, gari inasimama, tela inaisukuma kama polisi anasukuma mwizi.

Tumu akauliza:

— Na sasa?

— Sasa nikikanyaga freni ya gari, tela inakuja kusukuma gari. Ile kusukuma ndiyo inabana disiki. Yenyewe inajifunga!

— Eish! akasema Tumu. Basi wafunge kwenye teksi za Yeoville. Abiria wakisukumana tu, gari lisimame.

— Mimi wanifungie kwa mama mkwe, akasema Shehe. Akianza kunisukuma, abanwe mwenyewe.

— Wakiifunga Johannesburg nzima, akamalizia Tumu, mji hautatembea tena mpaka kiama!

Tulikuwa bado tunacheka alipotokea Zubeda, aliyefungua saluni jirani wiki ile, kitana mkononi.

— Shikamooni, wazee. Hili tela mlangoni mwangu la nani? Mteja apite juu ya boti? Kaka, lirudishe nyuma kidogo.

— Hakuna shida, mama.

Ezéchiel akapanda, akatia gia ya nyuma. Barabara yetu ina mwinuko. Tela lilisogea kiganja kimoja, likagoma. Akaongeza mafuta. Bakkie ikanguruma, boti ikatikisika, tukasikia harufu ya mpira unaoungua.

— Toa handibreki! akapiga kelele Tumu.

— Nimetosha!

— Mpigie ngoma, labda ataelewa, akasema Shehe.

Ezéchiel akazima injini. Jasho lilimtoka.

— Freni inaona ninaisukuma. Inajifunga.

— Na zamani? nikauliza.

— Zamani freni ilikuwa imekufa, Papa. Tela ilirudi nyuma vizuri.

Zubeda akaitazama boti, kisha akamtazama yeye.

— Kwani majini inaingia kwa mbele au kwa nyuma?

— Kwa nyuma, mama. Na ni kesho, mbele ya wageni.

 Shehe akajaribu:

— Bakkie itangulie majini, boti ifuate.

Ezéchiel hakucheka. Alikuwa amekwisha kuwasha injini tena.

— Narudi kwa fundi mbele hajafunga gereji. Lazima iko kitu cha kuiachilia ukirudi nyuma.

— Sawa, akasema Zubeda, lakini utamwomba akuwekee nini? Hicho kitu kinaitwaje?

Wote wakanigeukia. Shehe, Tumu, Ezéchiel na kichwa chake nje ya dirisha.

Nikachukua kikombe changu, nikanywa. Kilikuwa kitupu.